Hiyo Bolti Si Orijino

Kuna neno moja ambalo ningependa lipigwe marufuku Kirinyaga Road, kuanzia duka la kwanza hadi la mwisho, kwa mwaka mmoja tu, tuone kama biashara itasimama. Neno lenyewe ni "orijino".

"Hii ni orijino, dada." Nani kakwambia? Nini kinaonyesha? Ukiuliza hivyo unaangaliwa kama mtu aliyekuja kuharibu siku ya wenyewe.

Nasema nikiwa na kidonda. Baba aliacha Peugeot 504, ile ndefu ya safu tatu za viti, iliyokuwa ikibeba abiria Nairobi–Nakuru kabla sijazaliwa. Kwa miaka gari lilikaa nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kiti cha dereva. Nikaamua kulifufua. Rangi peke yake ilinila 180,000. Viti vikashonwa upya. Nikaposti picha, watu wakamwaga mioyo na moto. Kisha nikamketisha mama nyuma tukashuka Mai Mahiu.

Hatujalifikia lile kanisa dogo la Waitaliano, nikasikia ko! ko! chini ya miguu yangu. Nikigusa breki, usukani unavuta kushoto, upande wa bonde. Nikasimama pembeni, malori yakitupita kwa upepo wa kutisha. Bolti inayoshika mkono wa chini wa gurudumu la mbele ilikuwa imepinda kama ndizi, na tundu lake limeliwa hadi likawa umbo la yai. Mama hakupiga kelele. Alikaa juu ya jiwe, akajifunika leso, akaniuliza, "Na rangi ulisema ililipwa pesa ngapi?"

Bolti ile niliuziwa kama orijino. Nikaisafisha nikaitazama kichwa: tupu. Hakuna namba, hakuna alama ya kiwanda. Tena ilikuwa na meno kutoka kichwani hadi ncha. Bolti ya saspensheni inayopita kwenye bushi huwa na sehemu ndefu laini, na sehemu hiyo ndiyo inayopaswa kubeba mzigo pale chuma kinapokutana na chuma. Ukiweka yenye meno kote, umefunga msumeno mle ndani. Kila shimo la barabara unalopita, unakata tundu kidogo.

Huwa tunawacheka Wamarekani wanaofufua Mustang na Camaro za miaka ya 1960, watu wazima wakibishana kuhusu mistari iliyo juu ya kichwa cha bolti. Mistari mitatu ni gredi 5. Sita ni gredi 8. Kando ya mistari, alama ya aliyeitengeneza. Tunasema hao wana pesa na muda wa kupoteza. Lakini mistari ile ni lugha, na gari la vipimo vya milimita kama 504 lina yake pia: 8.8, 10.9. Zidisha namba ya kwanza kwa 100, unapata nguvu ya kuivuta hadi ikatike, kwa megapaskali. Ya pili inakwambia ni sehemu gani ya nguvu hiyo bolti itavumilia kabla ya kuanza kunyooka isirudi. Bolti ya 4.6, ile ya kufungia geti, ina nusu ya nguvu ya 8.8. Kwa macho zinafanana kabisa. Kusoma kichwa cha bolti hakuhitaji pesa. Kunahitaji kitambaa na tochi ya simu.

Halafu kuna wapenda kung'aa. Wanavua bolti zote nyeusi za kiwanda na kuweka za chuma kisichoshika kutu, ili picha ya chini ya gari itoke fiti. Wengi hawajui kwamba zile za kawaida, zilizoandikwa A2-70, ziko chini ya 8.8. Umelipa zaidi upate kitu dhaifu zaidi. Hongera.

Na springi! Saluni ya 504 na ile ndefu hazina springi moja za nyuma. Saluni ina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. Ile ndefu ina eksili nzima, na springi nne badala ya mbili, kwa sababu ilijengwa ibebe watu na magunia. Bado utaambiwa "zote ni 504, itaingia tu." Kuingia si kufaa. Chukua venia, pima unene wa waya, hesabu mizunguko, linganisha na ile uliyotoa.

Najua jibu litakalokuja: "Gari hili lilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, bolti moja itafanya nini?" Buda, unadhani yalishinda kwa bolti za geti? Sifa yote ya Peugeot kwenye barabara zetu ilitoka chini ya gari. Hadi shoki walikuwa wakijitengenezea wenyewe.

Wengine watasema naringa, nataka kila kitu kitoke Ufaransa. La. 504 nyingi za Kenya ziliunganishwa Mombasa. Na kuna fundi wa lezi Kariobangi atakayekuchongea pini ya kipimo sahihi, kwa chuma sahihi, kuliko takataka yoyote iliyofungwa kwenye boksi lenye nembo. Kwangu orijino ni ile kazi ambayo kifaa kilipewa: urefu ule, unene ule, nguvu ile. Kama huwezi kunionyesha hivyo, usinitajie neno hilo.

Wala simlaumu fundi peke yake. Mimi ndiye niliyelipa rangi bila kupunguza hata shilingi, kisha nikabishana naye dakika kumi kuhusu bolti ya 350, hadi akanitafutia ya 50. Aliniuzia uongo niliokuwa nimeuagiza.

Kwa hivyo kabla hujaita mtu wa rangi, inua gari. Kila bolti unayotoa, itie kwenye mfuko wake na uandike ilikotoka, hata kama imeshika kutu, kwa sababu hiyo ndiyo ramani yako. Soma kichwa. Pima sehemu laini. Na fundi akimaliza, hakikisha bolti za bushi zimekazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likining'inia kwenye jeki, la sivyo mpira utabaki umejipinda siku zote hadi upasuke.

Nimefanya hayo yote sasa. Gari limenyooka, halivuti, halipigi ko. Rangi imeanza kuchubuka mlangoni na sina haraka nayo. Mama bado anapanda matatu kwenda Nakuru.