Ziba Ufa, Lakini Kwanza Uulize Umetoka Wapi

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo ni wa kweli, na hapana mwenye nyumba asiyeufahamu. Lakini katika mkoa wetu wa Mara nimeona jambo jingine ambalo wahenga hawakulitaja: wako watu wanaoziba ufa kila mwaka, na mwishowe wanajenga ukuta vile vile. Makala haya yanakusudia kueleza sababu za hali hiyo, hasa kwa vigae vya sakafu na vioo vya madirisha, na kutetea rai moja: kwamba matengenezo ya nyumba ni kazi ya uchunguzi kabla ya kuwa kazi ya mwiko na saruji.

Nianze na mfano. Ndugu yangu mmoja alijenga nyumba mjini Bunda, kwenye kiwanja cha bondeni chenye udongo mweusi. Sebuleni aliweka vigae vya sakafu, ambavyo wengi wetu huviita marumaru. Mwaka wa pili vigae sita vilipasuka kwa mstari mmoja ulioanzia mlangoni na kuishia chini ya dirisha. Fundi aliviondoa, akaweka vipya. Masika yaliyofuata, vile vipya navyo vilipasuka katika mstari ule ule, na kioo cha dirisha kikaingia ufa pembeni. Alipoitwa mara ya tatu, fundi alitikisa kichwa na kusema, "Mzee, hapa pana mkono wa mtu." Mkono ulikuwapo kweli, lakini haukuwa wa mtu. Ulikuwa mkono wa udongo.

Udongo mweusi wa mbuga, unaopatikana katika tambarare za Bunda na kuelekea Serengeti, una chembe ndogo mno za mfinyanzi zilizopangika mithili ya kurasa za kitabu. Mvua inyeshapo, maji hupenya kati ya kurasa hizo na kitabu huvimba. Kiangazi kikiingia, maji hutoka na kitabu husinyaa. Ndiyo sababu ardhi hiyo hupasuka nyufa ambazo mtu aweza kutumbukiza mkono. Nyumba nyepesi yenye msingi mfupi haiwezi kushindana na nguvu hiyo. Udongo ulio chini ya kuta za nje hupata maji mengi, na ule wa katikati ya nyumba hubaki mkavu. Kwa hiyo pembe huinuka na katikati hutulia. Saruji ya sakafu hukunjika kidogo, tena kidogo ambacho jicho halikioni. Kigae na kioo, ambavyo ni vigumu lakini havistahimili kukunjwa hata kidogo, huwa mashahidi wa kwanza.

Sasa tulinganishe na nyumba iliyosimama juu ya mwamba, kama ile miamba mikubwa tuionayo Mwitongo, Butiama, au kandokando ya ziwa mjini Musoma. Mwamba hauvimbi kwa mvua. Kigae kile kile, kikiwekwa na fundi yule yule, chaweza kukaa miaka mingi bila ufa. Sisemi kwamba kila kiwanja cha Butiama ni mwamba, wala kwamba kila kiwanja cha Bunda ni mbuga. Hata ndani ya kijiji kimoja udongo hubadilika. Nisemalo ni kwamba kabla ya kumlaumu fundi, kigae au jirani, tuiulize ardhi.

Hata hivyo si kila ufa hutoka ardhini, na hapa ndipo elimu kidogo humwokoa mwenye nyumba. Ufa unaopita vigae vingi kwa mstari mmoja huonyesha kwamba sakafu yenyewe inasogea. Kigae kimoja kilichovunjika pembe yake huonyesha kwamba chini yake mna uwazi. Kigonge kwa sarafu, na ukisikia sauti ya mtungi mtupu, ujue fundi aliweka saruji kwa madonge badala ya kuisambaza yote. Vigae viwili vilivyoinuka na kuegemeana kama paa la hema huonyesha kwamba havikuachiwa nafasi ya kutanuka ukutani. Na nyufa zilizotawanyika kutoka nukta moja kama miale ya jua huonyesha tu kwamba mchi uliponyoka mkononi.

Dirisha nalo lina lugha yake. Katika nyumba za zamani zenye madirisha ya chuma, unyevu wa ziwa huleta kutu, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Kutu hiyo hukibana kioo mpaka kikapasuka kuanzia ukingoni. Katika madirisha ya aluminiamu, kosa huwa ni kipimo. Kipande cha aluminiamu chenye urefu wa mita moja, kikipoa kwa digrii 30 za Selsiasi, husinyaa karibu milimita 0.7, kioo cha urefu huo husinyaa chini ya milimita 0.3. Kioo kilichokatwa kwa kubana wakati fremu imepata joto la saa sita mchana kitaminywa usiku, hata kama hapana mtu aliyekigusa.

Utajuaje basi kama ufa wa sakafu au wa ukuta umetulia au bado unaendelea? Hapana haja ya mashine. Chukua kipande chembamba cha kioo kilichovunjika, ukiweke kikatize ufa, ukikamate kwa saruji kila upande, na uandike tarehe pembeni. Nyumba ikisogea, kioo hicho kitapasuka. Kiache kipite masika na kiangazi. Hivyo kile ulichotaka kukitupa jalalani kinakuwa chombo cha upimaji.

Nitaambiwa kwamba mtu wa kipato kidogo hana nafasi ya kungoja mwaka mzima huku watoto wakikanyaga vigae vyenye makali. Hoja hiyo ni nzito, nami siipingi. Ondoa mara moja vipande vyenye makali, ujaze pengo kwa lipu ya kawaida, na ufunike kioo kilichovunjika kwa ubao au karatasi ngumu ya nailoni. Hayo yana gharama ndogo. Kinachogharimu ni kununua vigae vipya mara tatu kwa ajili ya ugonjwa mmoja usiotibiwa.

Tiba yenyewe hufuata chanzo. Kama ni udongo mweusi, dawa ni kuyazuia maji yasifike kwenye msingi: weka mifereji ya paa, uzungushie nyumba sakafu ya nje yenye upana wa mita moja inayoteremka kwenda nje, na usimwagilie maua chini ya ukuta. Ufa ukishatulia, ndipo uweke kigae. Kama ni uwazi, ng'oa kigae kuanzia katikati kuelekea kingoni ili usiwaumize majirani zake, kwangua saruji ya zamani yote, na usambaze mpya kwa mwiko wenye meno. Acha nafasi ndogo kandokando ya ukuta, usiijaze saruji. Kama ni kutu, kwangua chuma hadi king'ae, upake rangi ya kuzuia kutu, ndipo utie kioo kilichokatwa pungufu kwa milimita mbili au tatu kila upande, kikae katika puti laini.

Juu ya dirisha ninalo neno zaidi, maana hapo linalopotea si fedha tu. Mkoa wetu umo katika ukanda wa Ziwa Victoria ambako malaria imekuwa adui wa muda mrefu. Mbu aenezaye malaria huingia ndani usiku, akifuata pumzi na harufu ya waliolala. Utafiti uliofanywa nchini Gambia na kutangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekwa wavu kwenye madirisha na milango, na kuzibwa uwazi kati ya ukuta na paa, zilipunguza mbu waingiao kwa zaidi ya nusu, na watoto wenye upungufu wa damu walipungua pia. Basi wavu uliotoboka, au kioo kilichovunjika na kuachwa tangu mwaka jana, usihesabiwe kuwa dosari ya urembo. Hilo ni tundu katika kinga ya mtoto. Kwa sababu hiyo, mwenye shilingi chache na aanze na dirisha la chumba cha watoto kabla ya kigae cha sebuleni ambacho wageni watakiona.

Mwaka 1977, katika kuitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alisikitika kwamba watu wetu walingojea saruji na bati huku wakiyadharau matofali ya kuchoma na vigae vya paa ambavyo wangeweza kuvitengeneza wenyewe. Leo hali imebadilika. Vigae vya sakafu vinatengenezwa hapa nchini, katika viwanda vya Mkuranga na Chalinze, mkoani Pwani. Tumepiga hatua. Lakini kigae hicho husafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi kufika Musoma, na kufika kwake hakuleti pamoja nacho maarifa ya ardhi kitakapolala. Kifaa tumekipata, utegemezi uliobaki ni wa fikra, yaani ule wa kudhani kwamba kitu kipya hutibu kila kasoro.

Mapendekezo yangu ni mawili. Kwanza, vyuo vya ufundi, vikiwamo vya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, viyape matengenezo uzito ule ule wa ujenzi mpya, na mwanafunzi asihitimu mpaka aweze kueleza chanzo cha ufa aliopewa kuuchunguza. Pili, halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zimwambie mwananchi aina ya udongo wa kiwanja chake siku anapoomba kibali cha kujenga, si siku anapokuja kulalamika.

Ndugu yangu wa Bunda alichimba mfereji kuizunguka nyumba yake, akaweka bomba la kuyapeleka mbali maji ya paa, na akabandika kipande cha kioo juu ya ufa. Masika mawili yamepita, na kioo hicho bado kizima. Sasa ndiyo kwanza anatafuta vigae sita.