Hodi Si Kuingia

Nina ugomvi na watunzi wa programu, na mimi mwenyewe nimo katika kundi hilo, kwa hiyo msomaji asidhani kwamba nawasema watu wa mbali. Ugomvi wenyewe unahusu neno moja: "limefika". Mtu anaandika programu ya kulinda folda, ili kila faili jipya likiingia lichukuliwe na kushughulikiwa. Siku ya majaribio linaletwa faili dogo, programu inalidaka papo hapo, wakubwa wanapiga makofi. Basi, kazi imekwisha. Mimi nasema haijaanza.

Mwaka 2006 niliandika programu ya namna hiyo kwa ofisi moja ambayo sitaitaja. Vituo vyake vya mikoani vilituma orodha za malipo ya vibarua kwa laini ya simu, kila orodha faili moja, na programu yangu ilikaa mlangoni ikisubiri. Mwezi mmoja orodha ya majina 212 ilisomwa ikaishia jina la 140. Programu haikulalamika, maana kwa bahati mbaya kipande kilichosomwa kiliishia mwisho wa mstari. Vibarua 72 hawakulipwa. Mama mmoja mfagizi alikuja makao makuu kwa nauli ya kukopa, akaambiwa na mhasibu, "Mama, kompyuta haina jina lako." Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akaniuliza kama kompyuta ndiyo iliyofagia.

Kilichotokea ni hiki. Kompyuta inapoanza kupokea faili, jina lake huandikwa kwanza katika folda, kisha yaliyomo huingia kidogo kidogo. Taarifa kwamba faili limeundwa hutoka pale jina linapoandikwa. Zana ya Microsoft iitwayo FileSystemWatcher ndivyo inavyofanya, na maelezo yake yanasema hivyo waziwazi: taarifa hutoka mara moja, hata kama kunakili bado kunaendelea. Mgeni amepiga hodi tu, nawe umeshaanza kuhesabu mizigo yake.

Wapo wenzangu watakaosema: ngoja sekunde tano, ukiona ukubwa wa faili haubadiliki, lichukue. Hiyo ni dawa ya mtu ambaye hakuwahi kutegemea laini kama zile zetu. Laini ilisinzia dakika nzima, ikaamka, ikaendelea kana kwamba hapakuwa na lolote. Sekunde tano zake zingemsaidia nani? Wengine watasema tuhamie Linux, ambako tangu 2005 ipo inotify, inayoweza kukuarifu faili linapofungwa baada ya kuandikwa. Ni nafuu kubwa, sikatai. Lakini laini ikikatika katikati, programu inayopokea nayo hulifunga faili, nusu hivyo hivyo, na taarifa hutoka ileile.

Dawa ipo, tena si ngeni. Katika miaka ya 1990 Daniel J. Bernstein alibuni Maildir, utaratibu wa kuhifadhi barua za kompyuta. Barua huandikwa kwanza katika folda iitwayo tmp. Ikiisha kuandikwa yote ndipo huhamishiwa folda iitwayo new. Kuhamisha huko ni kubadili jina tu, na jina halibadiliki nusu. Anayelinda new haoni kamwe barua iliyokatika. Ila iwe ndani ya diski moja kweli, maana ukivuka kwenda diski nyingine kuhamisha kunageuka kunakili, na umerudi ulikotoka. Hata mtumaji wa mbali anaweza kutuma faili kwa jina la muda, akalipa jina lake halisi akiisha kumaliza. Ni amri moja ya ziada!

Na huyo mlinzi naye asiaminiwe peke yake. FileSystemWatcher kwa kawaida hutenga baiti 8,192 za kuwekea taarifa. Mafaili yakimiminika kwa pamoja nafasi hiyo hufurika, na taarifa hupotea. Yale yaliyoingia programu ikiwa imezimwa hayapigi hodi mara ya pili, yamekaa barazani kimya. Kwa hiyo programu ikiwashwa ianze kulinda, kisha ifungue folda ihesabu yaliyomo, na irudie kuhesabu kila baada ya muda.

Nilipopeleka mapendekezo, pamoja na kwamba kila orodha iandikwe mwishoni idadi ya majina yake, nilijibiwa kwamba vituo visisumbuliwe, kwani kosa lilitokea mara moja tu. Mara moja kwa nani? Nikafanya kwa upande wangu: orodha isiyo na idadi ikawa inakataliwa. Vituo vilipiga simu kulalamika wiki nzima, na mhasibu hakunisemesha. Mama yule alilipwa siku ya kumi na moja. Nauli hakurudishiwa.