Asilimia za Mwiba, Koo la Kifaranga

Mfugaji ambaye kuku wake wanakoroma siku hizi huletewa namba. Maabara husoma S1, kichwa cha mwiba ambao kirusi cha mkamba wa kuku hutumia kung'ang'ania seli, kisha humwambia kinafanana na kile cha chanjo kwa asilimia kadhaa. Namba ikiwa ndogo, kelele za kuagiza chanjo mpya huanza palepale. Kwa maoni yangu, namba hiyo imepewa madaraka yasiyoistahili.

Faida yake naikubali. S1 ina asidi amino 500 na ushei, na kingamwili nyingi za kuzima kirusi hulenga hapo. Kwa kulinganisha S1 ndipo ilipojulikana kwamba aina ya QX, iliyotambuliwa China mwaka 1996, imeingia Ulaya, ambako ilikuta mitetea ikisimama wima kama pengwini, tumbo limejaa maji, na yai halipatikani. Mwaka 2016 mtafiti Valastro na wenzake waliitumia S1 kuvipanga virusi hivi katika makundi 6 na koo 32.

Lakini asilimia huhesabu kila badiliko sawasawa. Asidi chache zikigeuka pale kingamwili inaposhika, kirusi huponyoka ilhali namba bado inapendeza. Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 1999 mtafiti Jane Cook na wenzake walionyesha kwamba kuku waliopewa chanjo ya Ma5, ya ukoo wa Massachusetts, kisha 4/91 ya Uingereza, walikingwa hata dhidi ya aina zilizo mbali na chanjo zote mbili. Mfuatano wa S1 peke yake usingelitabiri hilo.

Ninayemwamini ni kifaranga. Huchanjwa, hutiwa kirusi chenyewe, na siku chache baadaye bomba lake la hewa hukatwa vipande vyembamba kama pete. Weka pete chini ya darubini: kinga ikiwepo, vinyweleo vya ukingo wa ndani vinapepea bila kuchoka, vikisukuma chembe mbele yake. Kinga ikikosekana, ukingo umetulia tuli, mahali pengine umebanduka.

Jaribio hilo ni ghali, linataka vifaranga wasio na kingamwili na vyumba vilivyofungwa, ndiyo maana asilimia ya bei nafuu hushinda. Ila chanjo nyingi za mkamba ni virusi hai. Ukiingiza ya aina ambayo nchi haina, inaweza kuhama banda hadi banda na kuchanganya jeni na virusi vilivyopo, na hakuna wa kuirudisha chupani. Kwa hiyo anayeomba kusajili chanjo hai mpya aje na mfuatano wake, na aje pia na pete za vifaranga waliopambanishwa na kirusi cha nchi hiyo.