Kansa ya njia ya chakula: «Hakuna la kufanya» si jibu

Katika Kivu, mtu akianza kukwama chakula kifuani, jamaa husema haraka: amelishwa karuho. Anapelekwa kwa mganga wa kutapisha, jirani anashutumiwa, na dola chache zilizobaki tangu familia ikimbie vita zinaisha. Miezi inapita. Kwanza bugali inakataa kushuka, kisha maharagi, kisha uji, mwisho hata mate. Anapofika hospitali, kansa ya umio, ile njia inayoshusha chakula tumboni, imekwisha kuenea. Hapo anasikia: «Mrudisheni nyumbani, hakuna la kufanya.»

Neno hilo si kweli. Kuponya kansa iliyofika hapo ni vigumu sana, lakini kumwezesha mgonjwa kumeza tena ni jambo lingine, na linawezekana. Kuna kifaa kinachoitwa stenti: mrija wa nyuzi za chuma zilizofumwa. Unaingizwa kwa mdomo ukiwa umebanwa; ukifika penye uvimbe, unafunguka wenyewe na kuacha njia. Kifua hakipasuliwi. Wengi huanza kunywa upesi, kisha hula chakula laini.

Wanaosema hiyo ni dawa ya Ulaya waangalie karibu. Katika hospitali ya Tenwek, huko Bomet, mashambani mwa Kenya, mamia ya wagonjwa wamewekewa stenti bila hata mashine ya eksirei ya kuongoza kazi. Kamera ya kupitisha kooni na watu waliofunzwa vizuri vilitosha. Kenya, Tanzania, Malawi na Zambia zimeingia katika mpango wa kupata stenti kwa bei iliyopunguzwa. Kwa nini Kongo isibishe mlango huohuo?

Kweli, stenti ina shida zake. Inaweza kuumiza kifua, kuhama, au kuziba mtu akimeza nyama bila kuitafuna. Lakini bila stenti, mgonjwa hufa kwa njaa na kiu huku watoto wake wakila mbele yake.

Wengine watasema pesa ziende kwanza kwa kipindupindu na surua. Kamera moja na timu moja iliyofunzwa katika hospitali ya mkoa haiwezi kumnyima mtoto chanjo. Mwaka 2014, Mkutano wa Afya Duniani uliomba nchi zote wanachama ziingize matunzo ya kupunguza mateso katika huduma zao. Kongo ni mwanachama.

Wakubwa wa afya na mashirika yanayosaidia waliohama vita waache kuhesabu wagonjwa hawa kama maiti. Nazo familia ziache kutafuta mchawi. Chakula kikikwama wiki mbili, mgonjwa apelekwe hospitali, si kwa wa karuho. Na wakiambiwa hakuna la kufanya, waulize: stenti inapatikana wapi?