Upasuaji wa matundu upo, ila mgonjwa wa Sudi anachelewa wapi?

Upasuaji wa matundu madogo si habari ngeni tena Tanzania. Muhimbili wanafanya, KCMC Moshi wanafanya. Daktari hapasui tumbo zima. Anatoboa matundu machache, anajaza gesi, anaingiza kamera na vifaa vyembamba, kisha anafanya kazi akiangalia skrini. Maumivu yanapungua na mgonjwa anawahi kurudi nyumbani. Kwa mvuvi wa Sudi, hizo siku ni chakula cha familia.

Saratani mbili, mtu mmoja

Wapo wagonjwa wanaokutwa na saratani mbili kwenye njia ya chakula, kila moja imeanza kivyake, siyo kwamba moja imesambaa. Kwa saratani ya utumbo mpana, ni kama wagonjwa 3 hadi 5 kati ya 100. Kupasua kwa kawaida sehemu mbili zilizo mbalimbali kunadai mkato mrefu. Kwa matundu, daktari mzoefu anaweza kuziondoa zote kwa mara moja.

Lakini lazima zote zionekane kwanza. Kipimo cha kamera kikiishia kwenye uvimbe wa kwanza, wa pili unabaki tumboni.

Shida inaanzia huku

Damu ikionekana chooni, tunasema bawasiri. Chakula kikikwama, tunasema vidonda vya tumbo. Dawa ya duka la jirani, mitishamba, halafu tusubiri korosho ziuzwe. Baada ya hapo ndiyo zahanati, Hospitali ya Sokoine Lindi au ya Kanda ya Kusini kule Mtwara, na kwa wengi mwisho ni Ocean Road, Dar, zaidi ya kilomita 400 kutoka Lindi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara hiyo ilikatika kabisa Somanga.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Ni hatua nzuri, ila bima inalipia matibabu, haifupishi safari. Kwa watu wa pwani ya Lindi, swali la kuwauliza viongozi ni hili: tangu dalili ya kwanza hadi kipimo cha kamera, zinapita siku ngapi?

Na wewe, ukiona damu chooni, chakula kinakwama au unapungua bila sababu, usisubiri msimu. Nenda kituo cha afya, uliza wazi: "Daktari, nahitaji kipimo cha kamera?"