Lamu Ipate Wachoraji wa Misimu Yote

Tangu 2011, kijiji cha Shela kisiwani Lamu kimekuwa kikipokea wachoraji wa mandhari kutoka Ulaya na kutoka pembe mbalimbali za Kenya. Hufika kwa tamasha la uchoraji lililoanzishwa na Herbert Menzer, Mjerumani aliyependezwa na Shela akaweka makazi hapo. Kwa majuma kadhaa wageni hao husimamisha vibao vyao vichochoroni, gatini na kwenye vilima vya mchanga, wakachora kile wanachokiona papo hapo.

Kazi hiyo si nyepesi. Asubuhi ukuta wa chokaa una weupe wa maziwa, adhuhuri unaumiza macho, alasiri unaingia wekundu. Maji yakipwa, mashua iliyokuwa ikielea saa tatu inalala ubavu matopeni ifikapo saa saba, na picha iliyoanzwa inabaki bila kielelezo. Mchoraji hana budi kumaliza upesi, au arejee siku nyingine maji yakiwa vilevile. Heshima kubwa anastahili huyu anayerejea, mwaka baada ya mwaka, mpaka uzee.

Paul Cézanne wa Ufaransa alikuwa wa namna hiyo. Mlima mmoja wa kwao, Sainte-Victoire, aliuchora mara nyingi mno, na mnamo Oktoba 1906 mvua kubwa ilimkuta nje akichora. Alifariki siku chache baadaye, akiwa na miaka 67.

Afrika Mashariki nayo ina wake. Sam Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, akasoma uchoraji Makerere kwa Margaret Trowell, kisha akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London. Tanganyika ilipojitawala alipelekwa Uingereza kuwa balozi. Cheo hakikumwachisha brashi, wala jiji halikumsahaulisha Kilimanjaro. Alichora migomba, miteremko na watu wakifanya kazi kwa pamoja. Picha yake ya 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imehifadhiwa katika jumba la MoMA, New York. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Moto ulipokiteketeza mwaka 1997, hakukiacha.

Je, nani ataichora Lamu kwa mapenzi ya namna hiyo?

Wageni hufika wakati wa kaskazi, bahari ikiwa tulivu na anga jeupe. Wanachora vizuri, na wanastahili shukrani. Lakini Lamu ina kusi pia: Julai yenye mawingu mazito, mawimbi yakivunjikia mwambani, wavuvi wakibaki maji ya ndani. Ina giza la mikoko ya Dodori na ukimya wa magofu ya Takwa mvua ikinyesha. Hayo atayachora mtu anayelala na kuamka hapo. Na mkono haukosekani. Siyu ilikuwa na waandishi walionakili misahafu na kuipamba kwa rangi. Matondoni wangali wanaunda majahazi. Milango ya kuchongwa ya mtaa wa Mkomani inajieleza yenyewe. Watu waliozoea kutazama kwa makini kiasi hicho wanaweza kabisa kutoa wachoraji wa mandhari.

Tena kuna haraka. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021 upande wa bara, baada ya sakafu ya bahari kuchimbwa na kingo za mikoko kubadilika. Kaunti hii ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Mjukuu atakayetaka kujua kingo hizo zilikuwaje atahitaji kitu cha kumwonyesha. Mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba ambacho pwani hii ilijivunia kwa karne nyingi, ulitoweka majini mwanzoni mwa karne ya 20. Leo tunautambua kwa vielelezo vidogo, michoro na picha chache zilizobaki. Kama wahenga wetu wangeuchora kwa wingi, mafundi wa leo wasingekisia mishono yake.

Wachoraji hao hulelewa shuleni, lakini kwa miaka mingi sanaa haikuwa na nafasi katika mtihani wa KCPE, na somo lisilotahiniwa hupewa muda mdogo. Mtaala wa umilisi umeirudisha darasani, ila mtoto wa Kizingitini hawezi kujifunza kuchora bahari kwa penseli moja na daftari la hesabu.

Serikali ya Kaunti ya Lamu iwanunulie wanafunzi rangi za maji na karatasi nzito, na wachoraji wanaoalikwa Shela watengewe siku za kufundisha Pate, Faza na Matondoni. Makavazi ya Kitaifa nayo yanunue angalau picha moja kila tamasha linapofanyika, itundikwe katika Ngome ya Lamu kwa kudumu, mahali ambapo mwenyeji ataingia bila kulipa. Picha ikinunuliwa na mgeni huondoka naye, na Lamu hubaki bila sura yake yenyewe ukutani. Bajeti ya mwaka ujao ina nafasi ya kulibadilisha hilo.