Wakili si nakala rudufu

Jamani wafanyabiashara wa Busia na Malaba, leo nawachokoza. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na kinachonikera ni hiki: wakala wa forodha anajua kontena lake lilivuka mpaka saa ngapi, lakini muulize karani wake aliajiriwa lini, anakuna kichwa. Kisha anamfuta kwa simu, barua ya madai inafika, ndipo anakimbilia wakili.

Wakili atafanya nini? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inasema usipoonyesha mkataba wa maandishi mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi ni wako, mwajiri. Kifungu cha 41 kinataka umsikilize mfanyakazi kabla ya kumfuta kwa utovu wa nidhamu, mwenzake akiwepo. Ukikosea, unaweza kuamriwa kulipa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Utasema, “Huyo alikuwa kibarua tu.” Kifungu cha 37 kinakujibu: akifanya kazi mfululizo mwezi mzima, anahesabiwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi.

Basi mlipe wakili sasa akuandikie mkataba, usingoje kesi. Halafu hifadhi tarehe ya kuajiriwa, mshahara, likizo na maonyo. Jedwali la kompyuta latosha, hata daftari. Mpe mfanyakazi nakala, maana rekodi ya kweli humlinda naye asidhulumiwe.

Data ambayo hukuihifadhi haifufuliwi na programu yangu wala na wakili wako. Anayebisha, karibu uwanjani!